Mwezi wa Kuaga

Nestori Luvanda alipoingia maktaba safari ile ya tatu, hakuuliza tena kama uzi umeshapona. Aliuliza unaumwa nini.

Twilumba Mahenge alikuwa amesimama nyuma ya dawati la azima, mahali aliposimama miaka mingi kiasi kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kipengere walimwita Mama Azima, na wengine walimaliza masomo bila kulijua jina lake. Hakulitegemea swali lile. Alikuwa amejiandaa kwa lile la siku zote.

"Unaumwa?" akarudia, ili apate muda.

"Mliniambia uko matengenezoni. Nilipokuja mara ya kwanza mkasema hivyo, na mara ya pili hivyo hivyo. Sasa mimi nimekaa nikawaza, mama. Kitu kilicho hai hakitengenezwi, kinatibiwa. Ndiyo maana nauliza unaumwa nini, na dawa yake inapatikana wapi. Kama ni ya kufuatwa Mbeya, nitaifuata Mbeya."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu wa kugema utomvu wa misonobari katika mashamba ya juu, na harufu ya utomvu ilitangulia mbele yake popote alipokwenda. Kwa mkono mmoja alikuwa amemshika binti yake, Avelina, msichana mwembamba aliyevalishwa sweta la shule ingawa shule hajawahi kuingia. Mtoto alikuwa ameziona taa ndogo za kijani kwenye mashine ya kusomea vitambulisho. Akaanza kuzigusa moja moja, akitoa mguno mdogo kila taa ilipozimika na kuwaka.

"Avelina," baba yake akamwita. Mtoto hakugeuka. Hakuwa kiziwi. Mlango ulipogonga nyuma yao alishtuka kama kila mtu mwingine mle ndani.

"Fundi anaushughulikia," Twilumba akasema. "Ukiwa tayari tutakupigia simu."

"Sawa. Lakini kliniki wameniambia akishatimiza miaka saba ndiyo basi. Wanasema kichwa kinajifunga, uzi haushiki tena. Na anatimiza mwezi ujao, mwanzoni tu. Nimekuja kulisema hilo, lisije likawa hamlijui."

Twilumba alilijua. Tarehe ya kuzaliwa kwa Avelina ilikuwa mbele yake kwenye kioo cha kompyuta, chini ya jina la msomaji aliyeweka nafasi.

"Basi niruhusu niuone," Nestori akasema. "Sitagusa."

"Wasomaji hawaruhusiwi kuingia kwenye hifadhi, Bwana Luvanda."

Nestori akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akamshukuru. Akamwinua binti yake, akatoka naye kwenda kuketi kwenye ngazi za nje, mahali ambapo Twilumba angeweza kumwona kupitia dirishani kila alipoinua macho.

Homa ile ilikuwa imepita nyanda za juu kwa majira mawili ya baridi, kisha ikatoweka kama ilivyokuja. Haikuua wengi. Iliwaachia watu macho, masikio na akili zao, ikawachukulia maneno. Si sauti tu. Mtu aliyeugua alitazama barua aliyoiandika mwenyewe asione ndani yake chochote ila mistari, na hata ishara za mikono hakuzishika. Watu wazima waliyapoteza maneno waliyokuwa nayo. Watoto waliougua wakiwa wachanga, kama Avelina, hawakuyapata kabisa.

Nyuzi zilikuja baadaye. Uzi mmoja ulioteshwa kutoka kwenye ubongo wa mtu aliyekubali, kabla ya kufa, kwamba lugha yake itolewe wakfu. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, ulipachikwa nyuma ya sikio la mgonjwa, na ndani ya siku chache ulijitafutia mizizi na mtu akaanza kuelewa na kusema. Haukuweza kunakiliwa. Kila walipojaribu kuugawa, vipande vyote viwili vilikufa. Tena si kila kichwa kilikubali kila uzi. Hospitali zikasema zenyewe zinajua kutibu, hazijui kumiliki kitu kimoja na kukigawa kwa watu wengi kwa zamu bila ugomvi. Waliokuwa na kanuni za namna hiyo, zilizojaribiwa vizazi na vizazi, ni wakutubi.

Hivyo nyuzi zikaingia maktaba, katika Mikusanyo Maalumu, na zikawa chini ya kanuni zile zile za vitabu adimu. Uzi uliazimwa kwa mwaka mmoja wa masomo. Muda uliweza kurefushwa mara nyingi mtu apendavyo, ila kwa sharti moja, kwamba hakuna msomaji mwingine aliyeweka nafasi. Akitokea aliyeweka nafasi, uzi unaitwa.

Uzi aliouwekea nafasi Nestori ulikuwa wa marehemu Bi Sikudhani Mbelwa, mtangazaji wa redio kutoka Tanga. Ndio peke yake uliokubaliana na kichwa cha Avelina. Haukuwa matengenezoni na haukuwa unaumwa. Ulikuwa nyuma ya sikio la kushoto la Lutengano Mahenge, mhadhiri wa upimaji ardhi, mume wa Twilumba.

*

Twilumba alikuwa ameuficha kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nafasi ya Nestori ilipoingia, mashine ilimuuliza mkuu wa dawati athibitishe wito upelekwe kwa mwazimaji. Twilumba akalitazama jina la mumewe. Chini ya kitufe cha kuthibitisha kulikuwa na kingine, cha kuonyesha kwamba kitu kimeharibika. Alikibonyeza hicho. Alijiambia kwamba ni hadi sherehe ya kumuaga binti yao Edina, ambaye alikuwa mwalimu Songea na alikuwa amechumbiwa. Lutengano alikuwa akiiandaa hotuba yake ya baba wa binti tangu barua ya posa ilipofika. Baada ya sherehe, uzi ungepona.

Kisha upande wa bwana harusi ukafiwa, sherehe ikasogezwa. Twilumba alipopata habari ile, kabla hajaona huzuni kwa ajili ya wafiwa, aliona kifua chake kinafunguka. Alijishtukia. Lakini hakurudi kubonyeza kitufe kile kingine.

Jioni ile aliporudi nyumbani alimkuta Lutengano jikoni, karibu na jiko la kuni, anamenya viazi. Alikuwa mtu mrefu, Mkinga wa Makete wa baba na mama, lakini tangu apate uzi alisema Kiswahili cha pwani, laini, cha kumkaribisha mtu. Wanafunzi walimtania kwa hilo naye alicheka nao. Mwanzoni Twilumba alikuwa akisikia mwanamke mgeni ndani ya nyumba yake kila mumewe alipofungua kinywa. Sasa hakukumbuka vizuri alivyokuwa akisema zamani.

"Leo nimeongea na bwana mmoja pale kwenye ngazi za maktaba," Lutengano akasema. "Mgema utomvu. Ana binti mdogo."

Twilumba akaweka mkoba wake mezani taratibu.

"Yule mtoto alinifuata mwenyewe. Nilikuwa nakula hindi la kuchoma, nikamvunjia kipande. Baba yake akaona haya, tukaanza kuongea. Akaniambia anasubiri uzi." Kisu kikaendelea kuzunguka kiazi. "Nikamuuliza, uzi wa nani? Akaniambia."

"Baba Edina."

"Akaniambia unaumwa. Akaniomba, kwa kuwa mimi ni msomi wa hapa, nimuulizie unaumwa nini." Akainua mkono, akagusa nyuma ya sikio lake kwa kidole chenye maji ya viazi. "Huu hauumwi, Mama Edina. Sijawahi kuusikia una nguvu kama sasa."

Twilumba akamwambia. Hakukaa chini, alisimama pale pale akiwa na koti lake, akamweleza juu ya nafasi, kitufe, sherehe, na msiba wa upande wa pili. Alipomaliza alingoja. Katika mawazo yake alikuwa ameyapitia mazungumzo haya mara nyingi, na kila mara Lutengano aliinuka na kusema, twende tukaurudishe. Ndivyo alivyokuwa mtu huyu. Aliwahi kurudi dukani kutoka nusu ya njia kwa sababu ya chenji iliyozidi. Na kila mara, katika mawazo hayo hayo, Twilumba ndiye aliyelia na kumzuia.

Lutengano hakuinuka. Alitazama viazi vilivyokuwa ndani ya sufuria.

"Unajua nilimwambia nini yule bwana?" akasema. "Nilimwambia asikate tamaa, Mungu atamfanyia njia. Nilikaa pale na uzi wa mtoto wake kichwani mwangu, nikamwambia hivyo, nikaondoka."

"Hukuwa unajua la kufanya."

"Nilijua."

Kuni zikaanguka ndani ya jiko. Lutengano alipoinua uso, Twilumba aliona kitu ambacho hakuwa amekiandalia neno lolote. Mumewe alikuwa ameogopa, na hakuwa anajaribu kuuficha woga wake.

"Usinirudishe kule," Lutengano akasema. "Watu wanadhani ni kimya. Si kimya. Nilikuwa nawasikia nyote. Sauti zenu zilikuwa zinanipiga kama mvua juu ya bati, kutwa nzima, na mimi niko chini yake nakutazama, najua huyu ni mtu wangu, na sina hata pa kuanzia. Jina lako halikuwepo. Langu pia halikuwepo. Sikuwa na neno la kufikiria nalo kwamba nataka kufa, vinginevyo ningelifikiria." Akavuta pumzi. "Nirefushie muda. Fanya unavyojua. Mwambie yule bwana uzi umekufa."

Twilumba alikuwa amedanganya miezi yote ile kwa ajili ya jambo hilo hilo analoliomba. Sasa alipolisikia, lilimtisha.

*

Asubuhi yake aliitwa juu, ofisini kwa Mkutubi Mkuu. Dokta Kalista Ngimbudzi alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyependa madirisha wazi hata wakati wa ukungu, na waliokwenda kumwona walibeba masweta.

"Jana jioni alikuja hapa bwana mmoja," akasema. "Hakuja kulalamika. Alikuja kujitolea kutafuta dawa. Ameniuliza uzi wa Bi Sikudhani Mbelwa unaumwa nini. Nikaona aibu kwamba sijui. Nikamuuliza fundi wa nyuzi. Fundi naye hajui, maana hajawahi kupelekewa."

Twilumba akasema kila kitu kwa mara ya pili. Safari hii ilikuwa fupi.

Dokta Ngimbudzi alimsikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho. "Dawati la azima nitampa mtu mwingine," akasema. "Hilo unalijua. Bodi itaamua mengine. Sasa tuzungumze juu ya mumeo, kwa sababu yeye hana kosa."

"Unaweza kuuita uzi kutoka hapa?"

"Naweza kuulaza, uache kufanya kazi. Ukilazwa ungali ndani ya kichwa cha mtu, utatoka umedhoofika. Kwa mtu mzima ungeshika. Kwa mtoto wa umri ule sidhani. Ili umfae Avelina, mwazimaji lazima auachie kwa hiari." Akafungua macho. "Na sina haki ya kumlazimisha. Unaikumbuka kanuni ya kuaga."

Twilumba aliikumbuka. Alikuwa amewasomea watu wengi, kwa sauti yake mwenyewe, kifungu kile. Mwazimaji wa uzi, tangu siku apatapo wito, ana mwezi mzima wa kuaga. Kanuni ile ilitungwa baada ya watu wa kwanza kurudisha nyuzi kwa haraka na familia zao kubaki na maswali ambayo hayangejibiwa tena. Mwezi wa kumaliza uliyoanza, kuandika wosia na kuwaambia watu uliyotaka kuwaambia.

"Ungempelekea wito siku ile nafasi ilipoingia," Dokta Ngimbudzi akasema, "angekuwa na mwezi wake, na mtoto angepata uzi akiwa na muda tele. Wote wawili wangetosheka. Sasa wito anaupata leo. Mwezi wake unaanza leo. Ukiisha, mtoto ameshapita umri."

"Na wewe utaamuaje?"

"Nitafuata kanuni. Mwezi ni haki yake, na umri wa msomaji anayesubiri haumo ndani ya kifungu. Nikianza kunyang'anya watu haki zao kwa kuwa kuna mwenye shida zaidi, kesho hakuna atakayekubali kuazima chochote hapa." Akasogeza karatasi za mezani kisha akazirudisha mahali pake. "Yeye peke yake ndiye anayeweza kuuacha mwezi huo. Mimi siwezi kumwomba, nafasi yangu hainiruhusu. Wewe sijui kama unaweza."

*

Lutengano alikuwa amemaliza kipindi chake cha asubuhi na amerudi nyumbani. Alimsikiliza mkewe akiwa amesimama mlangoni. Aliposikia juu ya mwezi, uso wake ukabadilika.

"Mwezi mzima?"

"Ndiyo. Ni haki yako."

"Na sherehe ya Edina imo ndani ya mwezi."

"Imo."

"Basi nautaka." Alisema upesi, kama mtu anayekamata kitu kabla hakijaanguka. "Nautaka mwezi wangu. Mwambie Dokta."

Twilumba akasema, "Avelina anatimiza miaka saba—"

"Namjua Avelina. Nimemmegea hindi kwa mkono wangu. Usinitajie jina lake ndani ya nyumba hii."

Wakakaa, yeye huku na mumewe kule. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua wa michai. Twilumba alitaka kumwomba na alitaka kumkataza. Kama angesema neno moja tu la kumwomba auachie, na yeye auachie, angeishi na hilo neno maisha yake yote. Kama asingesema, angeishi na mtoto wa watu. Aliona kwamba alikuwa tayari ameamua mara moja kwa niaba ya watu wote hawa bila kuwauliza, na kwamba hana tena haki ya kuamua mara ya pili. Akainuka kwenda kuwasha jiko.

Baada ya muda mrefu Lutengano akachukua simu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Alikuwa anaongea na Edina. Twilumba hakuyasikia maneno. Alisikia sauti ikipanda na kushuka nyuma ya mbao, ikicheka mahali fulani, ikikaa kimya, ikianza tena. Alisonga ugali ukapoa. Mwanafunzi akaja kuulizia kitabu, akamjibu mlangoni. Sauti ilikuwa ingali inaendelea. Mara moja ilivunjika na hapo akasimama, mkono kwenye kitasa, lakini hakuingia. Kisha akamsikia akiongea Kikinga, polepole, akikwama na kutafuta, na akajua sasa anaongea na mama yake Makete. Uzi wa Bi Sikudhani haukuwa na Kikinga. Kidogo hicho alikuwa amejifunza upya, neno moja moja, kwa ajili ya bibi kizee yule.

Mlango ulipofunguliwa, alikuwa amevaa koti.

"Nimemaliza," akasema. "Twende."

"Leo? Baba Edina, una mwezi mzima."

"Nikilala nao usiku mmoja tu, sitauachia. Najijua. Asubuhi nitaamka nina sababu nzuri kabisa. Mimi ni mhadhiri, kutafuta sababu ndiyo kazi yangu." Akatia mikono mifukoni. "Edina amerekodi hotuba. Nimeisema yote. Haikuwa nzuri sana."

"Na mimi je?" Neno lilimtoka Twilumba kabla hajalipima. "Sisi hatujaongea. Mimi na wewe."

Lutengano alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Wewe mwezi wako wa kuaga ulishauchukua," akasema. "Miezi yote hii ulijua kwamba ni ya mwisho. Kila tulipokaa mezani ulikuwa unaniaga. Nilikuona unanitazama, nikadhani ni mapenzi yamerudi, nikafurahi. Kumbe ulikuwa unaniaga peke yako. Mimi hukuniambia. Laiti ningejua, ningekuaga pia."

*

Nestori alikuwa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha nyuzi, na Avelina amelala mapajani mwake. Dokta Ngimbudzi mwenyewe ndiye aliyempigia simu. Lutengano alipopita kuingia ndani, Nestori alimtambua kuwa ni yule wa mahindi. Akainuka nusu kumsalimu, akiwa hajaelewa.

Twilumba akabaki koridoni. Hakuwa tena mtu wa dawati na chumba kile hakikuwa chake. Akakaa kwenye benchi, akamwambia Nestori ukweli. Alimwambia kwamba uzi haukuwahi kuharibika, kwamba aliyekuwa nao ni yule aliyeingia sasa hivi, kwamba ni mumewe, na kwamba yeye ndiye aliyeuficha.

"Kwa hiyo haukuwa unaumwa," Nestori akasema.

"Haukuwa."

"Siku zote zile."

"Siku zote."

Nestori alitazama mbele. Vidole vyake vyeusi kwa utomvu viliendelea kupita juu ya nywele za mtoto. Twilumba alingoja amtukane. Badala yake, mtu yule alimbeba binti yake taratibu asije akaamka, akainuka, akaenda kuketi ncha nyingine ya benchi.

Mlango wa chumba ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Kanuni inamtaka mwazimaji aseme kwa kinywa chake kwamba anarudisha kwa hiari, mbele ya fundi, ili pasije pakatokea dai. Twilumba alisikia fundi akimwelekeza. Kisha akasikia sauti ya mumewe, ile laini ya pwani:

"Mimi, Lutengano Mahenge, narudisha uzi huu kwa hiari yangu. Uko katika hali nzuri. Nauacha mwezi wangu wa kuaga."

Twilumba akasogea karibu na mlango, akasikiliza kama kuna zaidi. Fundi alimuuliza kama yuko tayari. Labda aliitikia kwa kichwa. Vyombo vikagusana kwenye sinia. Hapakuwa na kingine.

Alitoka akiwa na plasta ndogo nyuma ya sikio. Macho yake yalikuwa yale yale, lakini yalitembea koridoni kama ya mtu aliyeamshwa ghafla katika nyumba asiyoijua. Yalimpita Twilumba, yakarudi, yakamtambua. Nestori alikuwa amesimama, amevua kofia. Alifungua kinywa kusema asante, akakumbuka, akakifunga. Akainama tu, chini sana, akabaki hivyo hadi fundi alipomwita.

Twilumba angeweza kuondoka hapo. Alibaki, na Lutengano akakaa pembeni yake, viganja juu ya magoti, akisikiliza sauti za jengo. Ndani ya chumba mtoto alilia kidogo kwa sindano, kisha akatulia. Fundi alisema kwamba ni mapema mno, kwamba mizizi huchukua siku kadhaa, wasitegemee lolote leo. Baada ya hapo walikaa sana. Mwishowe Nestori akatoka na binti yake akitembea mwenyewe, fundi nyuma yao.

"Umeshika," fundi akamwambia Twilumba kwa sauti ya chini, kwa mazoea, kama vile bado ndiye mkuu wa dawati. "Mwembamba, lakini umeshika. Juma lijalo ataanza kuulizauliza."

Avelina alikuwa amekwenda dirishani. Baba yake akamwita jina lake, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu daraja bovu kwa mguu. Mtoto hakugeuka mara ile. Aliinamisha kichwa upande mmoja, upande wa plasta, akakaa hivyo. Baba akamwita tena. Safari hii akageuka, akamtazama, na paji lake dogo la uso likakunjamana, kama vile kuna kitu kimegusa mlango wake na yeye hajui bado kwamba milango hufunguliwa.

Nestori akakaa chini sakafuni pale pale.

Twilumba akamshika mumewe mkono wakatoka. Mvua nyepesi ilikuwa imenyesha, na njia ya kuteremkia kwenye nyumba za wafanyakazi ilikuwa na utelezi wa udongo mwekundu na majani ya misonobari. Lutengano aliuchomoa mkono wake, akatangulia. Alitembea haraka, mabega mbele, kama alivyokuwa akitembea majira yale ya homa.

Twilumba akaanza kuongea. Alimwambia mgongo ule mambo yote ambayo hakuyasema mezani miezi yote ile, kwamba aliogopa, kwamba alikosea, kwamba alimpenda kwa uchoyo na hakujua kuna namna nyingine. Alimwambia hotuba ya Edina lazima ilikuwa nzuri. Alijua kwamba anaongea bure na hakuweza kuacha. Sauti yake ilipopanda, Lutengano akasimama pale mteremko unapokuwa mkali, akageuka, akamtazama kinywa, kisha macho.

Akamsubiri. Alisimama kwenye ukingo wa njia hadi mkewe alipomfikia, ndipo wakateremka pamoja, hatua kwa hatua. Twilumba hakujua kama alimsubiri kwa kuwa amemsamehe au kwa kuwa palikuwa na utelezi. Na hapakuwa na namna tena ya kumuuliza.